Siku Niliyoingia kwa Wakwe Bila Kukata Kona

Nikisikia watu wakicheka nyuma yangu pale stejini Naro Moru, huwa najua ni ile habari ya hema, na sikasiriki, kwa sababu kama ingempata mtu mwingine hata mimi ningecheka mpaka nishike ukuta. Lakini afadhali niisimulie mwenyewe, maana inavyosimuliwa sasa imeongezwa chumvi (ati niligonga ng'ombe, ati baba mkwe alikimbilia chooni), na mimi sitaki kupunguziwa aibu wala kuongezewa, nataka ile niliyoipata tu.

Mimi nabeba viazi. Niko na pikapu ya dizeli, ya zamani, ile ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, na kazi yangu ni kutoa viazi kwa mashamba ya juu karibu na msitu mpaka kwa lami, na siku nyingine mpaka Timau, au kushuka Kagio. Huko juu mvua ikinyesha udongo unakuwa kama sabuni. Gurudumu moja linazunguka bure na lingine limekaa tu kama mgeni. Ndiyo maana nikatafuta loki ya difu ya mbele, ile ya umeme. Ukiiwasha, magurudumu mawili ya mbele yanafungwa pamoja, yanazunguka sawasawa, hakuna la kutegea. Kwa matope ni kitu kizuri sana. Kwa ardhi ngumu ni adui, kwa sababu gari likikata kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na kama yamefungwa pamoja hakuna linalokubali kumwachia mwenzake, basi usukani unakuwa mzito mpaka mikono inatetemeka na gari linataka kwenda mbele tu.

Hayo nilikuwa nayajua. Nataka hilo lieleweke. Sikuwa mjinga wa loki, nilikuwa mjinga wa swichi.

Wiki ile nilikuwa nimefunga pia taa mbili kubwa za ukungu kwa bampa. Nilifunga mwenyewe (mambo ya waya nilijifunza kwa kuangalia mafundi Karatina, na kuangalia si kusoma). Nikafika kwa dashibodi nikakuta nafasi iliyobaki ni ya swichi moja, na kutoboa nyingine naogopa, nisije nikapasua plastiki yote. Nikakaa nikafikiria. Kwetu mlimani matope na ukungu hutembea pamoja kama mke na mume wanaoenda kanisani. Nikijikuta natafuta taa, nitakuwa natafuta loki pia. Kwa hivyo nikaunganisha zote mbili kwa swichi hiyo moja, nikaweka fyuzi, nikazungusha tepu nyeusi, nikajipongeza. Uamuzi wenyewe ni huo. Nimetafuta mtu mwingine wa kulaumu na sijampata.

Sasa, siku yenyewe ilikuwa ya ruracio, yaani kwenda kwa kina Nyawira kuanza mambo ya mahari. Kwao ni juu ya Karatina, mahali pa majani chai, unaenda mpaka unaona msitu. Mimi si kijana, wenzangu niliosoma nao wana watoto wa sekondari, na babake Nyawira, Mzee Ndirangu, alikuwa hanipendi sana. Sisemi alikuwa mbaya. Alisema tu kwamba mtu aliyekaa bila mke muda huo wote lazima kuna kitu anakifanya nusu nusu. Nyawira aliniambia kwa simu asubuhi, "Gichuhi, tafadhali, leo usijaribu kuonekana mtu mkubwa. Kuwa tu vile ulivyo. Baba akikataa leo, hatakaa chini tena kusikiliza."

Tulipofika kituo cha chini tukakuta barabara ya kupanda imekuwa uji mwekundu. Magari mengine ya kwetu yalikataa, tukayaacha hapo, watu wote wakapanda nyuma kwa pikapu pamoja na blanketi, sukari, kreti za soda na tanki la maji la zawadi. Mbele nilikaa na Tata Wanja, shangazi yangu, ambaye ana magoti mabaya na mdomo mzuri. Nikafunga habu za magurudumu ya mbele (zile unashuka unazungusha kwa mkono ili mbele pia kuvute), nikabonyeza swichi, taa zikawaka, loki ikashika, na pikapu ikapanda ule mlima kama mbuzi. Wamama huko nyuma wakapiga vigelegele. Tata akapiga dashibodi kofi. "Sasa hiyo ndiyo nini?"

"Ni taa, Tata."

"Taa inatupandisha mlima?"

Nikacheka, sikumweleza. Hapo ndipo ningeongea, na nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimefurahia kusifiwa. Juu nikazima swichi. Habu sikuzifungua, ingawa zikifunguliwa loki haina nguvu kwa magurudumu, maana nilikuwa na viatu vipya na nje ni matope.

Getini kwao ilikuwa ile kawaida yetu, wanawake wa kwao wamefunga geti wanaimba kwa ndani, na wetu wameshuka wanaimba kwa nje wakiomba kufunguliwa.

"Nyinyi ni akina nani mmechafuka hivyo?" wakauliza wa ndani.

"Ni wageni, tumetoka mbali!"

"Wageni huoga! Rudini mtoni!"

Wakachekana hivyo mpaka geti likafunguliwa, wetu wakaingia kwa miguu wakiimba, na mimi nikabaki nikifuata polepole na mizigo na Tata na magoti yake. Ndani ya geti Mzee Ndirangu amemwaga simiti, njia inashuka kidogo, halafu unakata kushoto uegeshe kando ya zizi. Usipokata kushoto, mbele yako moja kwa moja ni hema. Chini ya hema ni wazee wamekaa, na mbele ya wazee, kwa kiti cha plastiki, ni cucu wa Nyawira, nyanya yake, amefunikwa leso magotini.

Na ukungu ukashuka. Yeyote anayejua upande huo anajua vile unashuka, unakuwa kama mtu amekurushia shuka kichwani. Mgongo wa mama wa mwisho nilikuwa nauona, ghafla siuoni.

"Washa hiyo taa yako, utakanyaga watu!" Tata akasema, na kabla sijafungua mdomo amenyoosha mkono akabonyeza mwenyewe.

Kusema haki, alifanya vile mtu yeyote mwenye akili angefanya. Taa zikawaka vizuri sana. Nikaona wanawake wote, nikaona hema, nikaona cucu, na nikazungusha usukani kushoto na usukani ukakataa.

Sijui kueleza woga ule. Nilivuta usukani kwa mikono yote miwili mpaka nikainuka kwa kiti, ukaenda kidogo sana, na gari likaendelea mbele kama halijanisikia. Nikakanyaga breki. Magurudumu yalikuwa yamejaa matope na simiti imelowa, gari likateleza hayo magurudumu yakiwa yamesimama, tanki la maji likaja likagonga kebini nyuma ya kichwa changu, mbuu! Akili yangu ikaondoka. Swichi ilikuwa hapo mbele ya kidole changu na mimi, niliyeifunga kwa mikono yangu, sikuikumbuka. Niliwaza kitu kimoja tu, kwamba nimekuja kuomba msichana na sasa naua nyanya yake. Nikapiga honi nikipiga mayowe, "Tokeni! Cucu! Cucu! Tokeni!" Wanawake wakaruka kwa majani ya ng'ombe. Wazee wakaruka. Cucu hakuruka, hawezi, aliniangalia tu.

Bampa lilishika kamba ya hema, likapita na nguzo ya pembeni, na pikapu ikasimama. Kati ya taa yangu na leso ya cucu hapakuwa na nafasi ya kupitisha kuku. Halafu hema likashuka taratibu, bila haraka, likafunika wazee, meza, sufuria, kila kitu, likabaki linatembea juu juu kama kuna paka chini.

Nikasikia sauti ya cucu chini ya turubai: "Huyu amekuja kuoa mmoja ama sisi wote?"

Basi ningezima injini. Lakini nilitaka kusaidia, nikaweka rivasi niwaondokee, loki bado imeshika, kamba bado iko kwa bampa. Nikarudi nyuma na hema lao lote, nikiliburuta kutoka vichwani mwao kama mtu anavua watoto blanketi asubuhi. Wakabaki hapo, wazee wa watu, mmoja kofia yake imo ndani ya sufuria ya mukimo, vile viazi vya kupondwa. Tata Wanja ndiye alizima ile swichi, kwa hasira tu, na usukani ukalegea mikononi mwangu kama haujawahi kuwa na neno na mimi. Hapo ndipo nikajua. Nikaanza kulia, na sioni haya kuandika hivyo, kwa sababu waliniona.

Mzee Ndirangu alikuja mpaka dirishani.

"Nani amewasha hiyo kitu?"

"Ni mimi," Tata akasema.

"Aliyebonyeza ni yeye," nikasema, "lakini hakujua, mimi nilifunga taa na loki pamoja na sikumwambia mtu. Breki ni nzima. Yeye hana makosa." Nikamweleza yote, mpaka ya viatu vipya.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilisema nusu nusu," akaenda.

Wazee wetu walitaka tugeuze turudi nyumbani. Wazee wa kwao wakasema hapana, chakula kiko, mambo yasikizwe. Tukakaa bila hema, ukungu unapita katikati yetu, hakuna anayeniangalia. Kwao ni nyumba ya kanisa, kwa hivyo badala ya pombe ya wazee ni soda, lakini desturi ni ile ile: wageni wakishaweka kinywaji hakinywewi mpaka msichana aulizwe mbele ya wote kama kinywewe. Akisema kisinywewe, mmemaliza, bebeni kreti zenu.

Mzee Ndirangu alisimama na chupa. "Nyawira. Umeona kwa macho yako. Hii nisiifungue?"

Alimwachia neno likiwa limelala upande wa hapana, kila mtu alisikia. Nyawira alisimama kando ya cucu wake, mkono begani kwake. Woga wa usukani ulikuwa mchezo, wacha niwaambie. Huu sasa ulikuwa hauna hata breki ya kukanyaga.

"Cucu, ulisikia alikuwa akiita nani?" akauliza.

"Mimi," cucu akasema. "Aliniita mpaka sauti ikapasuka."

"Fungua, Baba," Nyawira akasema.

Mzee akafungua. Ilichemka ikamwagika mkononi mwake, kwa vile kreti zilikuwa zimetikiswa sana, na hakuna aliyecheka isipokuwa Tata.

Jioni Nyawira alinisindikiza mpaka getini. Nikamwambia kama amenionea huruma, aseme, sitamshika. Akasema, "Nimepanda magari ya wanaume wasioogopa, Gichuhi. Wewe ogopa tu. Lakini ogopa mapema."

Mpaka leo sijui kama hiyo ilikuwa sifa. Siku iliyofuata nilitoboa dashibodi, na kweli ilipasuka, ikakaa na ufa mpaka leo. Loki iko na swichi yake yenye kifuniko chekundu, taa ziko na yake, na anayekaa kiti cha mbele namwonyesha zote kabla sijawasha injini, hata kama ni askofu. Vitu viwili kwa swichi moja sitafunga tena maishani. Hema tulilinunua tukawaachia, kwa sababu lilikuwa la kukodisha, halikuwa lao, na kila sherehe ya kule likisimamishwa, mimi huambiwa niache gari barabarani. Huwa naliacha, natembea.