Rangi Mbili kwenye Maji ya Kuku

Maduka binafsi ya dawa yalipofunguliwa Kilosa, mama alianza kupasua vidonge vya rangi mbili, dawa ya watu, na kumwaga unga wake kwenye maji ya kuku ili wasife kwa ugonjwa wa kideri. Halafu dada yangu akala kuku asiyeiva vizuri, akaharisha damu. Rangi mbili hazikumsaidia.

"Vijidudu vimeizoea dawa ndani ya kuku wako, mama," daktari alisema tulipompeleka hospitalini. "Kimoja kilichoizoea kikifa, kingine humeza vinasaba vyake, nacho hujua kuikwepa."

"Hee! Hata marehemu wao wanafundisha?"

Daktari akamchoma dada sindano ya dawa nyingine, ya mwisho iliyokuwapo pale hospitalini. Nilizunguka kitanda, sikuweza kukaa, mpaka jioni dada alipoomba uji. Mama akacheka kwa furaha. Mimi nilibaki nawaza vijidudu vilivyokufa tumboni mwa dada vimeviachia nini vilivyo hai.