Herufi za Marehemu

Meza ya kujalidi vitabu siku hizi iko kimya. Uzi unapita kwenye sindano, gundi inakauka, na hakuna anayechokozwa. Aliyekuwa akichokoza ni Shangazi. Ndivyo kiwanda kizima cha chapa kilivyomwita, hata waliomzidi umri. Mchokozwa mkuu alikuwa mwenye kiwanda, mume wa dada yake, na kwa kuwa shemeji ni mtani, hakuwa na pa kushtaki.

Ugomvi wao ulikuwa herufi. Baba wa shemeji alipofariki aliacha herufi za kuchapia, za madini ya risasi, za mtindo wa kale: nguzo nene zilizounganishwa na vistari vyembamba kama unywele. Zilikuwa zimechakaa kabatini, na kazi zote zilichapwa kwa herufi za kununua. Kuna watu humheshimu marehemu kwa kumwacha aliwe na vumbi. Shangazi alitaka kuzichora upya kwa kompyuta. Shemeji akakubali jaribio moja. Likishindikana, arudi kwenye gundi na asilitaje tena.

Akachora, kila herufi ikijaa kioo kizima cha kompyuta, na kadiri alivyozipenda ndivyo alivyozidi kuvikondesha vile vistari. Zikawa na viuno vya nyigu.

Pale kiwandani kazi haichapwi mpaka Bibi, mama yake shemeji, aisome kwa sauti, akiwa kwenye kiti chake mlangoni, bila miwani. Shangazi akampa kadi ya harusi. Kwa udogo wa maandishi ya kadi, vistari vilikuwa vimetoweka, zimebaki nguzo tupu. Bibi akaigeuza kadi juu chini.

"Huyu bwana harusi kaliwa na mchwa," akasema.

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Herufi za baba, alisema, haziguswi.

Shangazi akarudi kwenye gundi, mpole kupita kiasi, jambo ambalo lingemtisha yeyote mwenye akili. Kwa siri akazichora tena: za maandishi makubwa akaziachia viuno vyao, za maandishi madogo akazinenepesha vistari. Kisha akambembeleza mpangaji wa kurasa azitumie kwenye mwaliko wa kumbukumbu ya marehemu.

Bibi akausoma mfululizo kama maji. Shemeji akaunyakua, akauinua mbele ya wafanyakazi wote.

"Mnaona? Hizi ndizo herufi za baba. Kumbe zilihitaji kusuguliwa tu."

"Una hakika, shemeji?" Shangazi akauliza.

"Nimekua nazo hizi."

"Basi niamkie. Hizo nimezizaa mimi, Jumanne iliyopita."

Shemeji akabisha. Akapapasa karatasi akitafuta mbonyeo wa risasi. Ilikuwa laini kama shavu. Akamtazama mama yake apate mtetezi.

"Mwamkie," Bibi akasema.

Akaamkia, kwa sauti ya mtoto aliyetumwa kuomba chumvi kwa jirani. Alichokisifu mbele ya watu asingeweza tena kukikataa.

Sasa Shangazi anafanya kazi ghorofani, katika chumba kilichokuwa stoo ya wino, na anachora herufi za mlalo, zile zinazoinamia upande, za mtindo uleule.