Bei ya Gari la Baba

Baba yangu alikuwa fundi magari Nachingwea, na kitu cha ajabu alichotuachia nyumbani Lionja kilikuwa gari dogo la Kiingereza, la viti viwili, lisilo na paa, la kukimbizia kwenye lami. Alipewa na mzungu mmoja ambaye baba alimtengenezea magari kwa miaka mingi, naye alipoondoka nchini hakuona mtu mwingine wa kumwachia. Lilikuwa fupi mno. Ukikaa ndani, mbuzi anakutazama usoni. Barabara zetu hazikulitaka. Masika halikutoka kabisa, na kiangazi lilikwaruza tumbo kila penye tuta. Baba aliliwasha siku za Idi tu. Nilipokuwa darasa la tatu alinipakia kwenda mjini, upepo ukanivua ushungi, ikabidi turudi nyuma kuutafuta kwenye mikorosho ya watu, naye anacheka mpaka anatoa machozi.

Alipofariki, gari lilikuwa limelala bandani miaka mingi, limefunikwa turubai na magunia. Mimi nilikuwa nafundisha mjini Nachingwea, mama amebaki Lionja, na nyumba yake ilikuwa inavuja. Tukakubaliana tuliuze.

Mtu wa kwanza kuja alikuwa mfanyabiashara wa mbali. Alilizunguka mara moja, akapiga teke tairi lisilo na upepo.

"Mama, hiki ni chuma chakavu," alisema. "Nitawapa laki nne, basi tu kwa kuwasaidia mpate nafasi ya banda."

Wakati anasema hivyo, alifunua boneti akapiga picha kibao chenye namba, mara tatu, mara nne, kwa uangalifu. Nikajiuliza, nani anapiga picha chuma chakavu namna ile? Mama alishaanza kuitikia kwa kichwa. Nikamwambia yule bwana tutafikiri kwanza. Alipoondoka niliwaka. Nilisema mengi juu ya watu wanaodanganya wajane, na nilijiona mwema sana.

Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa dalali mmoja wa Ruangwa, mtu wa makamo aliyekuwa akiuza pikapu na pikipiki zilizotumika. Alikuja Jumamosi. Alimwamkia mama, akavua shati akabaki na fulana, akaingia chini ya gari na bisibisi. Alikaa huko muda mrefu. Tulimsikia akigonga, akinyamaza, akigonga tena. Alipotoka alikuwa mwekundu kwa vumbi.

"Mama, bei ya gari hili siijui," alisema.

Nilitegemea angalau angetaja kitu.

"Nikitaja leo nitakuwa nabahatisha," aliendelea, "na mimi nikibahatisha, nitabahatisha kwa faida yangu. Nipeni wiki mbili niulize wanaoyajua magari ya namna hii. Likiuzika nachukua asilimia kumi. Na bei ya mnunuzi mtaisikia wenyewe kwa masikio yenu."

Kisha akapiga picha. Alianza na sakafu iliyooza, mahali ambapo bisibisi yake ilipenya kama inaingia kwenye muhogo uliochemka. Nikamuuliza kwa nini haanzi na upande mzuri, ule wa taa.

"Mwalimu, ubovu mnunuzi akiuona mwenyewe baadaye, hata uzuri hatauamini."

Wiki mbili zikapita, akarudi. Alikuwa amempata mzee mmoja wa Dar es Salaam anayekusanya magari ya zamani. Tukakaa barazani, akampigia, akafungua spika na kuiweka simu kwenye mkeka mbele ya mama. Yule mzee aliuliza maswali mengi, dalali akajibu yote. Mwishowe sauti ikasema, "Kwa picha nilizoona, na kama injini ni ile ile iliyozaliwa nayo, nitatoa milioni kumi na sita."

Mimi nilishika nguzo ya baraza. Dalali akafungua mdomo, lakini mama akamtangulia. Mama yangu Kiswahili alikijua cha sokoni. Mambo mazito alizoea kuyasema kwa Kimwera. Siku hiyo alijitahidi.

"Baba, hiyo injini si yake."

Nilimfinya pajani. Akautoa mkono wangu kama anayefukuza nzi.

"Si yake," alirudia. "Marehemu aliitoa. Hii ya gari lingine."

Kisha yule mzee akashukuru kwa kuambiwa, akasema basi atatoa milioni kumi, na akauliza ile ya asili ilikwenda wapi. Mama akasema ilikwenda Chunyu, kijiji kilicho mbele ya Ruangwa. Mwaka mmoja wa shida, zamani, vipuri havipatikani, mashine ya kusaga ya rafiki wa baba ilikufa na watu wakawa wanatwanga usiku na mchana. Baba akang'oa injini ya kigari chake akaenda kuifunga kule isage mahindi. Baadaye gari likapata injini nyingine ya kuokoteza.

"Ikipatikana, na namba ikilingana na kadi ya gari, bei yangu ni ile ile ya kwanza," alisema yule mzee.

Keshokutwa yake tukapanda pikapu ya dalali, mama katikati, mimi dirishani, tukaelekea Ruangwa na kuendelea hadi Chunyu. Njiani nikapiga hesabu zangu. Nikasema, "Kaka, tukifika tusiwaeleze mengi. Tuseme tunanunua chuma tu. Tukiwapa elfu hamsini watafurahi."

Alipunguza mwendo, akasimama pembeni kwenye shamba la ufuta. Hakunikasirikia.

"Mwalimu, yule bwana aliyekuja kwenu kabla yangu, alisemaje vile?"

Nikageuza uso dirishani. Mama aliangalia mbele. Dalali akatia gia tukaondoka.

Rafiki wa baba alikuwa ameshafariki. Tulimkuta mkewe, bibi mwembamba mwenye macho makali, anapepeta kunde. Yeye na mama walishikana mikono wakaanza kuulizana habari za waliokufa na waliobaki. Nyumba ya mashine ilikuwa imebaki kuta tatu. Injini ilikuwa pale kwenye saruji yake, imeshika kutu, juu yake pamewekwa ndoo ya maji na kata. Dalali aliomba mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Alisugua ubavu wa ile injini taratibu, akifuta kwa kitambaa, mpaka namba zikajitokeza. Nikamsomea kadi ya gari, naye akafuata kwa kidole. Zililingana zote.

Akanawa mikono, akaenda kuchuchumaa mbele ya bibi.

"Bibi, wanunua vyuma wakija watakupa elfu thelathini kwa hiki. Lakini kwetu kina thamani kubwa sana. Kikirudi kwenye gari la marehemu, bei yake inapanda kwa milioni sita. Nimekwambia ili unapotaja bei yako uwe unajua."

Nilitazama chini. Niliona aibu, na bado kipande cha moyo wangu kilikuwa kinamlaani kwa kusema yote.

Bibi aliacha kupepeta. "Bei gani?" aliuliza. "Hii si yangu. Mume wangu aliazima. Kila mwaka anasema, msimu huu nitairudisha, msimu huu nitairudisha, mpaka Mungu akamchukua. Ichukueni. Nilikuwa naogopa nife nikiwa na mali ya watu."

Hapo ndipo nilipolia. Nilitoka nikaenda nyuma ya ule ukuta, nikalia kama mtoto. Mtu niliyekuwa nimepanga kumpunja alikuwa anasubiri miaka yote aje mtu wa kumrudishia kitu chake.

Mama hakukubali kuichukua bure. Walibishana kwa Kimwera muda mrefu, sauti zikipanda, mpaka majirani wakachungulia. Mwisho wakapatana kwamba ile nyongeza ya milioni sita igawanywe katikati. Mama alisema mashine ile ililisha watu, na aliyeitunza ana haki yake. Tukaipakia injini kwenye pikapu, tukarudi nayo Lionja.

Mnunuzi alikuja mwenyewe na fundi na lori. Alikagua kila doa aliloambiwa, akalikuta kama alivyoambiwa, akalipa bila kupunguza hata shilingi. Dalali alichukua asilimia zake kumi, na katika fungu la bibi alikataa kukata kitu. Nilimsindikiza mpaka kwenye pikapu yake, nikamwambia, "Kaka, nisamehe kwa yale maneno ya njiani."

"Mimi nilianza kazi kwa maneno hayo hayo," alisema. "Nilimuuzia jirani yangu pikapu najua gia zake mbovu. Fedha nilimrudishia baadaye. Lakini miaka miwili tulikuwa tunaswali msikiti mmoja, salamu hakuna. Sitaki kuishi vile tena."

Nilimwombea kheri siku ile, na naendelea kumwombea. Angeweza kutupa milioni mbili tukambusu mikono. Badala yake alitufundisha thamani ya kitu chetu, na mimi akanizuia nisifanye jambo ambalo ningelibeba maisha yangu yote.

Nyumba ya mama sasa ina bati jipya na dari. Bibi wa Chunyu alinunua mbuzi na kujenga chumba cha wajukuu. Mwezi uliopita alikuja Lionja kwa bodaboda, na gunia la kunde nyuma, akakaa siku nne. Nilifika jioni kutoka shule nikawakuta wawili hao jikoni wanagombana juu ya chumvi, mmoja anasema imezidi, mwingine anasema haijaingia. Nikavua viatu, nikaketi nao, nikaanza kumenya muhogo.