Helmeti za Wageni

Tajiri wangu alikuwa na helmeti kumi na mbili za njano. Zote zilikaa stoo ndani ya mifuko ya nailoni, kama vyombo vya wageni kabatini. Kariakoo wengi tulilelewa hivyo: sahani nzuri haiguswi mpaka mgeni aje.

Shule niliiacha darasa la sita, na kazi nilikuwa nimeshabadilisha nyingi. Kompyuta nilijifunza kwa kuchungulia juu ya mabega ya watu kwenye intaneti kafe. Ndipo tajiri akanipa kazi ya kumtengenezea tovuti. Alikuwa ameambiwa kwamba siku hizi wafadhili hawampi mkandarasi mdogo jengo bila kuona anavyowajali watu wake.

Asubuhi ya picha niliwasalimu mafundi, nikawagawia helmeti. Wakajipanga mbele ya ghorofa letu.

"Leo tumekuwa wazungu!" mmoja wao akapaza sauti.

Nikapiga picha, kisha nikaanza kuzikusanya helmeti kama nilivyoagizwa. Fundi mmoja mtu mzima, ambaye kila siku aliniitikia marahaba yake kwa utani, aliing'ang'ania yake.

"Bwana picha, niachie hii. Mchana tunang'oa mbao za zege huko juu."

"Mzee wangu, tajiri atasema zimechafuka."

"Basi kichwa changu ndicho kichafuke?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nami nilicheka, nikaichukua. Nikafunga stoo, ufunguo nikautia mfukoni, nikaenda intaneti kafe ya Posta.

Kwenye ukurasa niliandika: *Kwetu usalama wa fundi kwanza.* Nikaiweka picha, nikaifungua nione ilivyokaa. Mtandao wa wakati ule ulifungua picha kidogo kidogo kutoka juu. Likaja anga. Ikaja mirunda ya kuegemezea zege. Zikaja mbao za ghorofa ya nne, moja imechomoza nje, imeshikwa na misumari tu. Nyuso zilikuwa bado hazijafika. Nikaugusa ufunguo mfukoni.

Sikusubiri nyuso. Nilitoka mbio, nikakatiza Mnazi Mmoja, kila kelele ya mbele naidhania kilio. Nilipofika mtaani kwetu nikaona watu wamejaa kwenye jengo. Nikasimama kwenye kibanda cha muuza kahawa.

"Ubao umemwangukia fundi," akasema muuza kahawa.

Nikapenya. Yule mzee alikuwa ameketi juu ya tofali, damu kidogo sikioni. Mbele yake lilikuwa karai la kubebea zege, limebonyea katikati. Alikuwa amejifunika nalo kichwani, chini yake ameweka kata ya khanga, ile ya kubebea mzigo.

"Lipige picha na hili," mwenzake mmoja akaniambia. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Shikamoo mzee."

Hakuitikia. Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka nimwinue, nikampa wangu. Akausukuma, akabaki amekinga kiganja, mpaka nilipoelewa nikamwekea ufunguo wa stoo.