Kwaya Nzima Ilicheza Goti Langu

Goti langu la kushoto ni bovu tangu utotoni. Niliangukia jiwe, likafungwa vibaya, likapona vibaya. Nikitembea hutaliona. Nikicheza, mguu huo huchelewa, huburuta kidogo, kisha hujitupa kumuwahi mwenzake. Nilipofanywa mwalimu wa hatua katika kwaya yetu ya kanisa huko Mount Druitt, magharibi mwa Sydney, nilibuni hatua nyingi, na waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile iliyotokana na ubovu wangu: mbili mbele, kushoto kunaburuta, bega linashuka, mkono unageuka kama wa mtu anayemwaga maji ya kunawa. Wakenya kwa Wakongo, wauguzi na watu wa maghala ya Smithfield, wote walikuwa wakiburuta mguu wa kushoto kila Jumapili. Nikiwatazama nilicheka moyoni. Kwaya nzima ilicheza goti langu na haikujua.

Niliishi kwa dada yangu. Yeye ni muuguzi hospitalini, ndiye aliyenileta Australia, akanipa chumba, akanifundisha kupanda treni, akanitafutia kazi ya kuhudumia wazee. Shemeji alikuwa migodini upande wa magharibi wa nchi, na korona ilipofunga mipaka ya majimbo akabaki hukohuko. Nyumbani tulikuwa dada, mimi, na wanawe wawili ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza. Mama yetu yuko Kenya. Moyo wake ni mgonjwa, na dada alinikumbusha jambo hilo hata nisipouliza. "Usimpe mama stress," alikuwa akiniambia, hata kama kosa langu ni kuacha vyombo kwenye sinki.

Nilichokuwa namficha dada ni kwamba nina mpenzi, na ni mwanamke kama mimi. Anaishi Cabramatta, wazazi wake walitoka Vietnam, na tulijuana kazini tukimgeuza bibi mmoja kitandani. Sitaeleza zaidi ya hapo. Watu wa kwetu hupenda kusimuliwa jinsi mambo haya yalivyoanza, kama vile wanauliza homa ilikushika siku gani, na mimi sina subira na maswali hayo.

Kabla ya korona nilikuwa nimekwenda kutazama maandamano ya fahari ya watu kama sisi mara moja, katikati ya jiji. Yalipita barabarani, nami nilisimama nyuma ya vizuizi pamoja na umati ambao hata jirani yako wa begani humjui. Pale mtu unapotea, unapiga kelele zako, unarudi nyumbani. Mwaka wa 2021 yakahamishiwa kwenye uwanja wa kriketi. Kila mtu na kiti chenye namba, kila anayeingia ajisajili kwa simu langoni, kamera kila upande, na matangazo ya moja kwa moja kwenye televisheni.

"It's safer this way, love," mpenzi wangu aliniambia. Kikundi cha wahudumu wa wazee kilikuwa kimepewa nafasi ya kupita uwanjani, na alitaka tupite pamoja. Yeye aliposema usalama alikuwa anazungumzia virusi. Mimi nilikuwa nawaza kamera na televisheni, lakini nikasema ndiyo.

Jumamosi ile dada alikuwa kazini mpaka usiku. Nilivaa wigi la zambarau, miwani ya jua inayofunika nusu ya uso, na barakoa iliyojaa vimetameta. Nilijitazama kwenye kioo cha choo cha uwanjani nikaridhika kwamba hata mama aliyenizaa angenipita. Kisha ngoma zikaanza, taa zikawaka, tukaingia kwenye nyasi, na mguu wangu ukafanya unachokijua. Nilicheza nikauzunguka uwanja wote. Nilikuwa na furaha, na naliandika neno hilo bila kutafuta jingine.

Siku chache baadaye mwanakwaya mmoja akatuma kwenye grupu letu kipande cha video alichokirekodi kwenye televisheni yake. Chini yake akaandika, "Dunia imeisha," na vikaragosi vya kucheka. Nilikuwa kazini nikimlisha mzee uji. Nikakifungua kwa mkono mmoja na kuona wigi la zambarau likipita mbele ya kamera, mguu wa kushoto unaburuta, bega linashuka, mkono unamwaga maji. Mtu akaandika, "Hii hatua nimeiona wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Grupu letu ni la kelele, watu hutumiana maua ya asubuhi, maombi na matangazo ya harambee mchana kutwa. Siku ile lilinyamaza. Nilipotazama tena wakati wa chai, mahali pa video palikuwa na mstari mmoja tu: ujumbe huu umefutwa.

Laiti wangenitukana. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, ukinitukana najua la kufanya. Kwenye mazoezi kiongozi wa kwaya alitangaza kwamba wimbo wenye hatua ile tuupumzishe, akatupa sababu fulani ya sauti ya tatu. Hakuna aliyeutazama mguu wangu. Waliukwepa kama unavyokwepa kutazama doa kwenye gauni la mgeni. Dada, ambaye huimba sauti ya kwanza na husimama mstari wa mbele, aliendesha gari mpaka nyumbani akiimba kwa kufumba mdomo, na uimbaji ule wa puani ulinitia hofu.

Kisha Sydney ikafungwa. Sisi wa magharibi mwa jiji tulibanwa kuliko wengine: kafyu, askari wa jeshi wakigonga milango pamoja na polisi, helikopta ikipita juu ya mapaa na kipaza sauti kikiwaambia watu warudi ndani. Dada nami tuliruhusiwa kutoka kwa sababu ya kazi zetu, kila mmoja na kibali kwenye simu. Tukitoka kazini tulirudi kukaa meza moja, kula sahani zinazofanana, kuulizana nani amekohoa. Nilimwogopa dada kuliko korona. Akinifukuza, ningekwenda wapi? Hakuna aliyekuwa anapokea mpangaji. Cabramatta si mbali kwa gari, ila polisi barabarani waliuliza unakwenda kwa nani na huyo ni nani wako, na jibu langu sikutaka lisikike karibu na mtaa wetu. Na juu ya yote alikuwapo mama. Dada alihitaji simu moja tu.

Ibada zilikuwa za mtandaoni. Jumapili moja tuliketi mbele ya kompyuta ya dada, bega kwa bega. Baada ya maombi Mama Mchungaji, mwanamke wa Uvira huko Kongo, anayechanganya Kiswahili na Kifaransa, mpole kiasi kwamba watu wazima humwogopa, aliomba mtu yeyote asitoke.

"Mimi siko na lawama kwa mutu," alisema. "Mais ile video, watu banaongea, banaongea. Donc tuulize mbele ya wote, tumalize. Mwalimu wa hatua, ile siku ulikuwa wapi?"

Nyuso zote kwenye kioo zikatulia. Nilifungua mdomo. Mpaka leo sijui ningesema nini, kwa sababu dada aliniwahi. Aliinamia kamera kama anayeingia dirishani.

"Alikuwa na mimi hapa, Mama. Hiyo Saturday sikuenda job. Nilikuwa namsuka. Tulianza after lunch tukamaliza giza limeingia."

"Ni kweli, mwalimu?"

Chini ya meza mkono wa dada ulikuwa umelishika goti langu bovu, na ulikuwa unabana.

"Ni kweli," nikasema.

"Mungu asifiwe," akasema Mama Mchungaji, na watu wakaanza kupunga mikono kuagana.

Dada alifunga kompyuta polepole. Nilimuuliza alijua tangu lini.

"Mimi hucheza hiyo step kila Sunday," alisema. "Utanificha mimi? Sasa sikiza. Siku hiyo nilikuwa shift, na hospitali nzima inajua. Nimeliweka jina langu hapo kwa sababu yako. Usinifanye niseme mara ya pili."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga kofi. Sikufanya lolote. Jioni hiyohiyo akaniita, akaniketisha sakafuni kati ya magoti yake, akanisuka kwelikweli.

Ikawa desturi. Saluni zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Kila alipokuwa akinisuka alikuwa akiusimulia ule uongo, na uongo ukanenepa. Alimsimulia mama kwenye simu mbele yangu: jinsi tulivyokula chapati na ndengu Jumamosi ile, jinsi nilivyolala usingizi kwenye paja lake na nywele zikiwa nusu. Mama alicheka sana. Mara moja nilijikuta naikumbuka ladha ya zile chapati, chapati ambazo hazikupikwa, na hilo lilinitisha kuliko helikopta.

Dada pia alikuwa anabana. Simu yangu ikilia, vidole vyake vilikaza. Nywele za pembeni mwa uso zikaanza kukatika, akawa anazipaka mafuta ya nyonyo huku akisema pole, pole mdogo wangu, kisha anaendelea kukaza. Jiji lilipofunguliwa na kwaya kurudi, nilirudishiwa kazi yangu, na wimbo ule nao ukarudi. Wote wakaburuta mguu wa kushoto. Mimi nilisimama kando nikipiga makofi, kwa kuwa dada alikuwa amewaambia goti langu linahitaji kupumzika.

Mwaka uliofuata maandamano yakawa tena uwanjani. Mpenzi wangu alikuwa amevumilia mengi: kuonana kwenye maegesho ya kazini, kuitwa "mwenzangu wa zamu," kukatiwa simu katikati ya sentensi. Akaniambia atanisubiri langoni na tiketi mbili. "I won't ask again after this one," alisema, na hakuwa amekasirika. Nilimjua. Akisema hataomba tena, hataomba.

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha kama ilivyokuwa imenyesha siku zote zilizotangulia, na mito ya huku magharibi ilikuwa imejaa. Nilipotoka bafuni nilimkuta dada sebuleni. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Kitana, mafuta na taulo vilikuwa vimepangwa kwenye zulia.

"Keti," alisema.

"Leo?"

"Si leo ndiyo siku yetu? Kila mwaka." Alisema kwa upole kabisa.

Niliketi. Nisiseme uongo kama yeye: mikono yake ilikuwa na joto na ilinipendeza. Ni dada yangu, alinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Alianza upande wa kushoto, mstari baada ya mstari, akinisimulia ile Jumamosi yetu kana kwamba sikuwapo na nahitaji kuambiwa. Nje mvua ilikuwa inagonga mapipa ya taka. Alipofika katikati ya kichwa, simu ikatetemeka mfukoni mwangu.

"Usitikise kichwa," alisema, na vidole vikakaza.

Nikainuka. Kitana kilibaki kimening'inia upande ambao haujasukwa.

"Rudi ukae."

"Siku ile ulikuwa kazini, dada. Mimi nilikuwa uwanjani."

Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kusemwa ndani ya nyumba ile. Dada alitazama mlango wa chumba cha watoto, kisha akanitazama kichwani.

"Ukitoka hivyo leo, mtu yeyote wa kanisa akikuona atauliza unakwenda wapi. Wataniona mimi muongo."

"Najua."

"Basi nampigia mama. Saa hii. Na moyo wake ukisimama, ni wewe umeusimamisha."

Alikuwa bado ameketi, mikono imejaa mafuta, ameinyoosha mbele kama niko palepale kati ya magoti yake. Si mtu mbaya, na nasema hivyo nikiwa bado na hasira naye. Nilichukua koti nikatoka kwenye mvua.

Kwenye treni watu wote walikuwa na barakoa. Waliniangalia kichwa, nusu mistari, nusu msitu, kisha wakageukia dirisha. Tulikuwa tumeipita Blacktown simu ilipolia, na aliyekuwa anapiga alikuwa mama. Kwao ilikuwa asubuhi. Niliiacha ilie, nikimwona ameshika kifua, kisha nikaona kutopokea ni woga tu. Nikapokea.

"Dada yako analia," mama alisema. "Anasema umemtoka katikati ya kusukwa."

"Ndiyo, mama."

"Amesema na mengine."

"Ndiyo."

Nilimsikia akipumua, pumzi fupifupi za mtu aliyepanda ngazi.

"Sasa hicho kichwa, nani atakumalizia?"

"Yupo mtu, mama. Ananingoja."

"Mwanamke?"

Waliokaa mbele yangu walikuwa wakitazama simu zao. "Mwanamke," nikasema.

Mama akasema, "Sawa," kwa ile sauti anayomjibia daktari akisomewa majibu.