Motokari ya Baba Iliyokohoa Asubuhi

Siye tuliokulia hapa Nchelenge siku zile, mikono yetu ilijua kusukuma motokari mbele ya kujua kuandika majina yetu. Jua halijapanda, tuko inje, miguu wazi ndani ya muchanga baridi, moshi wa kuni puani, na baba anaita toka ndani: "Sukumeni, batoto! Ao mungali na usingizi?" Tulisukuma tukicheka mupaka nguvu inaisha.

Ile motokari ilikuwa ya zamani hata kwa siku zile. Rangi ya maziwa, biti bya ngozi bilipasuka, mulango mumoja unafungwa na kamba. Ndani yake njo tulitoka Pweto wakati wa vita, tukazunguka ziwa Mweru kwa barabara mupaka inchi hii, magodoro juu, mama amepakata sufuria zake. Baba aliipenda kama ndugu. Na huku ilitulisha, maana alibeba bamama na bitunga byao bya samaki mupaka soko ya Kashikishi.

Halafu ikaanza kukohoa. Inawaka, inatetemeka, inapiga tatu inaruka moja, inafika kwa kilima kidogo inakataa. Saa sita, inatembea muzuri kama haijagonjwa hata siku moja. Baba alibadilisha bugi, zile zinazotoa moto ndani ya moteri. Akasafisha karbirateri. Akachuja esansi, mafuta ya motokari, na kitambaa cha kichwa cha mama, na juu ya kile kitambaa, vita karibu irudie ndani ya nyumba. Tonton Kasongo, fundi mekanisien jirani yetu, alipenda kulala; alifika jua limeshapanda, anainamisha sikio, na motokari ikimuona inanyamazisha kikohozi, kama mutoto mbele ya muganga. "Hii iko muzima," anasema, anaomba chai.

Mwaka ule mama alikuwa na mimba. Mutoto aliyetangulia alikufia njiani akizaliwa, juu ya baiskeli, baba akiwa soko na motokari, mbele ya kufika hospitali. Baba hakuzungumza hiyo maneno, lakini nilimuona jioni, amesimama mbele ya ile moteri wazi, mikono na mafuta, chakula chake kinapoa. Siku moja akasema:

"Nitaiuzisha, baikate bauze chuma. Siwezi kumupakiza mama yenu ndani ya kintu sisadiki."

Mama alikuwa anageuza chisense, zile samaki ndogo za Mweru, juu ya muchanga. Hakuinua kichwa.

"Baba Chola," akamuita kwa jina langu, "hii motokari inagonjwa siku moja na chisense yangu."

"Unasema nini?"

"Siku ukungu wa ziwa unalala huku, chisense haikauke, na motokari inakohoa. Siku ya upepo, chisense inakauka, na motokari inatembea. Naangalia tangu mvula ilianza."

Baba alicheka. Kisha akaacha kucheka. Akateka maji na kikombe, akawasha moteri. Ilikuwa muchana, inaimba muzuri. Akanyunyiza na bidole, fasi kwa fasi. Juu ya waya, hakuna kintu. Juu ya kile kifuniko cheusi kinachogawanya moto, Tonton anakiita delko, papo hapo kikohozi! Siye batoto tukaruka na kelele. Baba akazima, akakifungua, akakigeuza kwenye jua. Ufa mwembamba kama unywele.

"Mama Chola," akasema, sauti chini, "maji inaingilia humu."

Tonton Kasongo alitoa kifuniko kingine ndani ya motokari iliyokufa nyuma ya nyumba yake, akakipanguza na shati, akakifunga yeye mwenyewe. Siku ile hakuomba chai.

Uchungu ulimushika mama asubuhi, ukungu muzito, hata ziwa haionekane. Siye tulikuwa tayari nyuma ya motokari. Baba akageuza ufunguo. Ikawaka. Ikaenda. Tulibaki tumesimama, mikono hewani. Muchana baba alirudi anapiga honi toka barabara kubwa: Ngoy amezaliwa.

Leo Ngoy eko na motokari yake, inawaka kwa kubonyeza kidole. Ikigonjwa, anaunganisha telefone, anaisomea dawa. Juzi nilimuuliza ugonjwa gani. "Yaya," ananiita hivyo juu miye mukubwa wake, "ngoja, network iko chini." Basi tukangojea, motokari na siye, mupaka network ipone.

Baba alishaaga dunia. Siku zake motokari zilikuwa chache, kila moja na sauti yake, na mama aliweza kutuambia toka jikoni: "Huyo njo baba yenu, yuko kwa daraja. Wekeni maji ya bukari juu ya moto." Hakukosea: baba akiingia, ule ugali umeshaiva. Leo zinapita nyingi, laini, zote sauti moja. Mutu wako anasimama mulangoni na njaa yake, na maji bado iko ndani ya ndoo.