Rundo la Mawe Njiani Nkoma

Jiwe likigonga jiwe jingine, hata leo ninapopita penye ujenzi mjini Bariadi, mlio ule mkavu hunirudisha Nkoma, kwenye rundo la mawe alipoketi bibi yangu, kanga ameikunja magotini, akakataa kuinuka.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuruhusiwa. Mmoja alijenga ghala ng'ambo ya bonde, ikaamuliwa njia ya miguu ichongwe kupitia uwanda ambako zamani wazee wetu walipigana na wateka ng'ombe. Kabla vibarua hawajaanza kuchimba, aliletwa mtaalamu wa mambo ya kale, kijana mpole mwenye kofia pana, asimamie kila futi ya udongo itakayofukuliwa.

Desturi yetu ilikuwa kwamba anayepita pale huongeza jiwe, kwani chini wamelala waliouawa siku ile, akiwemo babu yake Bibi. Asubuhi hiyo nami nilitupa langu, likiwa bado na tope la mtoni. Mtaalamu akaliokota, akaligeuzageuza, akaandika kwamba rundo lile ni mawe ya juzijuzi yaliyoondolewa mashambani. Lingefukuliwa.

Niliamini kosa ni langu, na machozi yakanilenga. Bibi hakulia. Alipanda juu akaketi. Msimamizi wa vibarua akamtania kwamba pamba haitasubiri amalize kupumzika. Mtaalamu alichuchumaa, akamwamkia, akaomba achimbe pembeni kidogo tu. Akikuta mfupa au mkuki, njia itahamishwa. Nami nilitamani sana kuuona mkuki huo.

“Ng'wanone,” Bibi alimwambia, kwa neno lile lile la “mwanangu” aliloniitia mimi, mjukuu wake, “mawe ya juu ni yetu, ya chini ni yao. Nimekwambia walipo. Andika kwamba nimekwambia.”

“Na wakiniuliza ushahidi, Bibi?”

“Waambie umeniacha nimeukalia.”

Vibarua walicheka, mtaalamu akaandika. Bibi hakushuka mpaka jioni, nami nilimpelekea uji palepale. Kesho yake kamba za kupimia zililizunguka rundo.

Leo njia ile ina kona ambayo mgeni haioni sababu yake. Kwa miaka mingi nilidhani Bibi aliogopa mifupa. Nilikuwa nimeshamaliza chuo, nimezoea kudai uthibitisho wa kila kauli, ndipo nilipong'amua kwamba alikataa wafu wake wasumbuliwe ili tu yeye aaminiwe.

Nikipita pale bado naongeza jiwe, na huchagua lenye tope.